Uzamivu wa Saikolojia: Namna Wanasaikolojia Tiba na Wanasaikolojia wa Shule Wanavyoandaliwa

Kifupisho cha "Dkt." mbele ya jina hubeba maana zaidi ya moja. Kinaweza kuwa cha tabibu aliyesomea udaktari wa binadamu, cha mhadhiri mwenye shahada ya uzamivu katika historia, au cha mwanasaikolojia anayehudumia watu wenye sonona na kupima watoto wanaoshindwa kusoma. Kwa mwananchi anayetafuta huduma, tofauti hizo si suala la heshima tu. Ripoti ya mwanasaikolojia inaweza kuamua mtoto asome darasa gani, mgonjwa apewe tiba ya aina gani, au mahakama imchukulieje mtuhumiwa.

Makala haya yanaeleza namna wataalamu hao wanavyoandaliwa hadi ngazi ya uzamivu. Mfano mkuu ni Marekani, ambako mfumo huo una historia ndefu na kumbukumbu za kutosha. Kisha yanaguswa maeneo mengine, ikiwemo Afrika Mashariki. Jambo la msingi ambalo msomaji anapaswa kulishika ni kwamba shahada peke yake haimlindi anayehudumiwa. Kinachomlinda ni mambo matatu yanayokwenda pamoja: programu ya chuo yenye ithibati, kazi iliyofanywa kwa muda mrefu chini ya msimamizi, na leseni ambayo bodi inaweza kuifuta.

Taaluma mbili zenye asili moja

Mwanasaikolojia tiba hushughulika na tathmini na tiba ya matatizo ya afya ya akili: sonona, hofu iliyopitiliza, kiwewe kinachofuata ajali au ukatili, uraibu na mengineyo. Tiba yake kubwa ni mazungumzo yenye utaratibu na mbinu zilizofanyiwa utafiti. Hapo ndipo anapotofautiana na daktari bingwa wa magonjwa ya akili, ambaye kwanza ni tabibu na ana mamlaka ya kuandika dawa. Yapo majimbo machache ya Marekani, yakiwemo New Mexico iliyopitisha sheria mwaka 2002 na Louisiana mwaka 2004, yanayomruhusu mwanasaikolojia kuandika baadhi ya dawa baada ya mafunzo ya ziada. Lakini hilo bado si utaratibu wa kawaida.

Mwanasaikolojia wa shule hufanya kazi mahali mtoto anaposomea. Hupima sababu za mtoto kushindwa kusoma, kuandika au kuhesabu, hubaini dalili za usonji au upungufu wa umakini, huwashauri walimu na wazazi, na huongoza huduma shule inapopatwa na msiba au vurugu.

Taaluma hizi mbili zilizaliwa pamoja. Mwaka 1896, Lightner Witmer, aliyepata uzamivu wake Leipzig nchini Ujerumani, alifungua kliniki ya kisaikolojia katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, inayotambuliwa kuwa ya kwanza ya aina yake. Aliyemfuata mwanzoni alikuwa mwalimu wa shule aliyempeleka mvulana wa miaka 14, mwenye akili timamu lakini asiyeweza kuendeleza maneno ipasavyo. Witmer alipompima alikuta sehemu ya tatizo iko machoni. Mvulana akapatiwa miwani pamoja na mafunzo ya ziada. Hivyo kisa cha kwanza cha saikolojia tiba kilikuwa pia kisa cha shule. Mwaka 1915, Arnold Gesell aliajiriwa katika jimbo la Connecticut kwa cheo cha mwanasaikolojia wa shule, naye hutajwa kuwa wa kwanza kukishika cheo hicho.

Kwa nini uzamivu

Kwa miongo kadhaa hapakuwa na kiwango kimoja cha mafunzo. Hali ilibadilika baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, pale askari wengi waliporejea nyumbani na majeraha ya nafsi, ilhali madaktari wa magonjwa ya akili walikuwa wachache mno. Mwaka 1946 idara ya serikali ya Marekani inayohudumia maveterani ilianza kushirikiana na vyuo vikuu kuwafundisha wanasaikolojia tiba, ikaweka sharti kwamba mtaalamu kamili awe na uzamivu. Mwaka huohuo Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya taifa ya afya ya akili, iliyofungua mlango wa fedha za umma kwa mafunzo na utafiti.

Ilibaki kuamuliwa uzamivu huo uwe wa namna gani. Mikutano mitatu ilitoa majibu ambayo bado yanatumika.

Wa kwanza ulifanyika Boulder, Colorado, mwaka 1949, ukadumu takribani wiki mbili. Wajumbe walikubaliana kwamba mwanasaikolojia tiba awe mtafiti na mtoa huduma kwa wakati mmoja. Hoja yao ilikuwa kwamba tiba nyingi za wakati ule hazikuwa zimethibitishwa, hivyo anayezitumia lazima awe na uwezo wa kuzihoji kwa utafiti. Huo ndio msingi wa shahada ya PhD katika saikolojia tiba.

Wa pili ulifanyika mwaka 1954 katika hoteli ya Thayer, West Point, New York, na ulihusu saikolojia ya shule. Wajumbe walikabiliwa na ukweli kwamba shule zilikuwa nyingi na wataalamu wachache. Kudai uzamivu kwa kila mmoja kungeziacha shule nyingi bila mtu. Walipendekeza ngazi mbili: ya uzamivu, na nyingine ya chini yake kwa wanaofanya kazi za kila siku shuleni. Mgawanyo huo ungalipo.

Wa tatu ulifanyika Vail, Colorado, mwaka 1973. Ulitoa uhalali kwa shahada nyingine, PsyD, inayolenga zaidi utoaji wa huduma kuliko utafiti. Chuo Kikuu cha Illinois kilikuwa kimeianzisha mwaka 1968, na mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Rutgers kilifungua skuli maalumu ya kuifundisha, ikiwemo kwa wanasaikolojia wa shule.

Tofauti ya shahada hizo mbili ina uzito mfukoni mwa mwanafunzi. Programu za PhD kwa kawaida huchukua wanafunzi wachache kila mwaka na nyingi huwalipia ada na posho kwa kazi za utafiti au ufundishaji. Programu nyingi za PsyD huchukua wanafunzi wengi zaidi, ambao hujilipia na mara nyingi huhitimu wakiwa na madeni makubwa. Leseni wanayoiomba mwishoni, hata hivyo, ni ileile.

Hatua za mafunzo

Safari nzima baada ya shahada ya kwanza huchukua kati ya miaka mitano na saba. Hatua zake kuu ni hizi.

*Masomo ya darasani.* Mwanafunzi husoma misingi ya kibayolojia, kijamii na ya makuzi ya tabia ya binadamu, takwimu na mbinu za utafiti, upimaji, tiba, tofauti za kitamaduni, na maadili. Mwanafunzi wa saikolojia ya shule huongeza masomo ya ujifunzaji, elimu maalumu na sheria za elimu. Somo la maadili hupewa nafasi ya pekee. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, kwa kifupi APA, kilipitisha kanuni zake za kwanza za maadili mwaka 1953, na mahakama nazo zimeongeza wajibu. Mwaka 1976, katika shauri la Tarasoff, Mahakama Kuu ya California iliamua kwamba mtaalamu ambaye mgonjwa wake ni tishio kwa maisha ya mtu anayejulikana ana wajibu wa kuchukua hatua za kumlinda mtu huyo. Mwanafunzi hana budi kujua mapema siri inaanzia wapi na inaishia wapi.

*Mazoezi ya awali.* Kuanzia mwaka wa kwanza au wa pili, mwanafunzi hupangiwa kliniki, hospitali au shule kwa siku chache za wiki. Huanza kwa kutazama, kisha hupima na kutibu huku msimamizi akimfuatilia.

*Tasnifu.* Mwanafunzi hufanya utafiti wake mwenyewe na kuutetea mbele ya jopo. Katika PhD utafiti huo huwa mpana. Katika PsyD unaweza kujikita katika tatizo la utoaji wa huduma.

*Utarajali.* Kama ilivyo kwa madaktari tarajali, mwanasaikolojia tarajali hufanya kazi kwa mwaka mzima, au miaka miwili kwa nusu ya muda. Viwango vya APA vinataka apate angalau saa nne za usimamizi kila wiki, mbili kati ya hizo zikiwa za ana kwa ana na mwanasaikolojia mwenye leseni. Aidha, viwango hivyo vinataka msimamizi aone kazi yenyewe, moja kwa moja au kwa kurekodiwa, badala ya kutegemea maelezo ya mwanafunzi pekee. Sababu iko wazi: anayekosea bila kujua hawezi kulisimulia kosa lake.

Nafasi za utarajali hugawanywa kitaifa kwa kompyuta. Waombaji huorodhesha vituo wanavyovipenda, vituo huorodhesha waombaji, na mfumo huwaunganisha. Mwanzoni mwa muongo wa 2010 waombaji walizidi nafasi kwa kiasi kikubwa, hata wanafunzi wengi waliokwisha kumaliza masomo walilazimika kusubiri mwaka mwingine. Funzo lake kwa nchi yoyote inayotaka kuanzisha mafunzo ya aina hii ni kwamba idadi ya wanaodahiliwa haina budi kupangwa pamoja na idadi ya vituo na wasimamizi. Darasa hupanuliwa haraka. Msimamizi mzoefu huchukua miaka mingi kupatikana.

*Mtihani na leseni.* Mhitimu hufanya mtihani ulioandaliwa na umoja wa bodi za leseni za Marekani na Kanada. Mtihani huo wa maarifa una maswali 225 ya kuchagua, 175 kati yake ndiyo yanayohesabiwa katika alama. Majimbo mengi hudai pia saa za kazi chini ya usimamizi baada ya kuhitimu, na mengine huongeza mtihani wa sheria za jimbo. Connecticut ndiyo iliyotangulia kutunga sheria ya kuwatambua wanasaikolojia, mwaka 1945. Kufikia 1977 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria za namna hiyo. Bodi inayotoa leseni ndiyo hupokea malalamiko ya wananchi, nayo ina mamlaka ya kuonya, kusimamisha au kufuta.

Ngazi ya kati kwa wanasaikolojia wa shule

Kutokana na uamuzi wa Thayer, wanasaikolojia wengi wa shule nchini Marekani hawana uzamivu. Wana shahada ya ngazi ya kati iliyo juu ya uzamili wa kawaida. Chama cha Taifa cha Wanasaikolojia wa Shule, kilichoanzishwa mwaka 1969 na kinachojulikana kama NASP, kinataka ngazi hiyo iwe na utarajali wa saa zisizopungua 1,200, ambapo 600 kati yake zifanyike shuleni. Kwa ngazi ya uzamivu, saa hizo ni 1,500.

Mwenye ngazi ya kati hupewa cheti na idara ya elimu ya jimbo, na katika majimbo mengi huitwa mwanasaikolojia wa shule akiwa ndani ya mfumo wa shule. Akitaka kufungua ofisi binafsi kwa jina la mwanasaikolojia, kwa kawaida atahitaji uzamivu na leseni ya bodi. Uzamivu humfungulia pia nafasi za kufundisha chuoni, kuongoza huduma za wilaya na kufanya kazi hospitalini.

NASP inapendekeza mwanasaikolojia mmoja kwa wanafunzi 500. Shule nyingi za Marekani hazifikii uwiano huo, na upungufu ni mkubwa zaidi vijijini. Mvutano wa mwaka 1954 haujaisha: mafunzo marefu humlinda mtoto dhidi ya mpimaji asiye na ujuzi, lakini yakirefushwa bila mpango, mtoto hukosa mpimaji kabisa.

Vipimo na haki ya mtoto

Kazi ya kupima ndiyo inayoonyesha vyema kwa nini mafunzo haya ni marefu. Mwaka 1975 Marekani ilipitisha sheria iliyompa kila mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu ya umma. Sheria hiyo na marekebisho yake zinataka mzazi aridhie kabla mtoto hajapimwa kwa mara ya kwanza, uamuzi usitegemee kipimo kimoja, na mtoto apimwe kwa lugha yake kila inapowezekana.

Masharti hayo yalitokana na madhara halisi. Huko California, wazazi wa watoto Weusi walifungua shauri linalojulikana kama Larry P. dhidi ya Riles, wakidai kwamba vipimo vya akili vilivyotungwa kwa kuzingatia jamii nyingine viliwapeleka watoto wao, kwa idadi isiyolingana na wengine, katika madarasa ya waliodhaniwa kuwa na upungufu wa akili. Mwaka 1979 mahakama iliwapa haki wazazi na kuzuia matumizi ya vipimo hivyo kwa madhumuni hayo. Watoto waliopelekwa kimakosa katika madarasa hayo walipoteza miaka ya masomo.

Mwanasaikolojia aliyeiva hujua kwamba alama ni sehemu tu ya ushahidi. Huongea na mzazi, humtazama mtoto darasani, husoma kazi zake, huuliza kuhusu usikivu na macho, lishe na hali ya nyumbani, na hujiuliza kama kipimo alichokishika kilitungwa kwa watoto wanaofanana na aliye mbele yake.

Swali hilo ni zito kwetu pia. Kipimo kilichotungwa London au New York hakiwi cha Kiswahili kwa kutafsiriwa tu. Picha, mifano na viwango vyake vya wastani hubaki vya kule kilikotoka. Ndiyo maana kazi iliyofanywa Kilifi, katika pwani ya Kenya, ya kutunga na kuhakiki kipimo cha makuzi ya watoto wadogo kulingana na mazingira ya hapo ina thamani kubwa. Kazi za aina hiyo ni utafiti, na hufanywa na watu waliofunzwa utafiti hadi ngazi ya juu.

Mifumo ya nchi nyingine

Uingereza, mwanasaikolojia tiba husomea uzamivu wa miaka mitatu. Wanafunzi wengi huwa waajiriwa wa huduma ya taifa ya afya, hulipwa mshahara na huzungushwa katika vituo vya watu wazima, watoto, wazee na watu wenye ulemavu wa kujifunza. Kwa wanasaikolojia wa elimu nchini England, uzamivu ulichukua nafasi ya uzamili mwaka 2006. Kabla ya hapo mwombaji alitakiwa kwanza awe mwalimu. Tangu mwaka 2009 majina ya taaluma hizi yanalindwa kisheria, na asiyesajiliwa haruhusiwi kuyatumia.

Afrika Kusini imefuata njia nyingine. Mwanasaikolojia tiba husajiliwa akiwa na uzamili, baada ya utarajali wa miezi 12 na mwaka mmoja wa kuhudumia jamii katika vituo vya umma. Mfano huu unaonyesha kwamba uzamivu si njia pekee ya ubora. Usimamizi na usajili vinaweza kusimama imara juu ya shahada ya chini yake.

Afrika Mashariki, Kenya ilitunga Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia mwaka 2014, iliyounda bodi ya kusajili wataalamu hao. Chuo Kikuu cha USIU-Africa jijini Nairobi hutoa PsyD katika saikolojia tiba. Nchini Tanzania, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili hufundisha saikolojia tiba katika ngazi ya uzamili. Katika shule nyingi za ukanda huu, anayemsikiliza mwanafunzi ni mwalimu wa malezi na ushauri nasaha. Kazi yake ni ya lazima na ya kuheshimiwa, lakini ni tofauti na upimaji wa kisaikolojia. Kumbebesha kazi hiyo bila mafunzo ni kumwonea yeye na mtoto.

Mambo ya kuzingatia

Kwa anayetafuta huduma:

- Muulize mtaalamu ana shahada gani, amesajiliwa na mamlaka ipi, na alifanya kazi wapi chini ya usimamizi. Mtaalamu wa kweli hujibu bila kuudhika.
- Kabla mtoto hajapimwa, uliza kipimo kinapima nini, kwa lugha gani, na matokeo yatatumikaje.
- Omba ripoti ya maandishi na uelezewe kwa lugha unayoifahamu. Ripoti iliyojengwa juu ya alama moja tu ihojiwe.
- Uliza mipaka ya usiri, hususan pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini.

Kwa anayetaka kusomea taaluma hii nje ya nchi:

- Hakikisha programu yenyewe ina ithibati, si chuo pekee. Chuo chenye jina kinaweza kuwa na programu isiyokidhi masharti ya leseni.
- Uliza ni wanafunzi wangapi hupata nafasi za utarajali na wangapi hufaulu mtihani wa leseni. Nchini Marekani, programu zenye ithibati ya APA hutakiwa kutangaza takwimu hizo hadharani.
- Linganisha gharama za PhD na PsyD, ukizingatia ufadhili na muda.
- Kwa Watanzania, tuzo za vyuo vya nje hutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Ni vyema kufuatilia utaratibu huo kabla ya kulipa ada, wala si baada ya kurejea.
- Fahamu kwamba leseni ya nchi moja haihami yenyewe kwenda nyingine.

Taaluma hizi zimepewa mamlaka ya kuingia katika mambo ambayo mtu hamwelezi jirani, na ya kuandika maneno yatakayomfuata mtoto hadi utu uzima. Jamii inayotoa mamlaka hayo ina haki ya kudai maandalizi marefu, usimamizi wa karibu na mahali pa kupeleka malalamiko. Mwananchi anayeuliza kuhusu mambo hayo matatu hamvunjii mtaalamu heshima. Anatumia haki aliyowekewa.